Kifaa Kisichoonekana na Kompyuta Kifundishwe Vyuoni

Katika vyuo vyetu vya ualimu somo la TEHAMA limezoeleka kufundishwa kwa njia ya majina. Mwanachuo huanza kwa kutaja sehemu za kompyuta, huendelea na matumizi ya kibodi na kipanya, kisha hufikia uandishi wa barua na utengenezaji wa majedwali. Hayo si mabaya, wala sina nia ya kuyaondoa. Lakini aghalabu hatumfundishi afanye nini pale anapochomeka kifaa kwenye tundu la USB na kompyuta ikakaa kimya, kana kwamba hakuna kilichotokea. Jambo hilo tunamwachia akalipate huko aendako, mbele ya watoto hamsini, mahali ambapo hana mwenzake wa kumwuliza. Maoni yangu ni kwamba kimya hicho kinastahili kuwa somo kamili chuoni, tena somo la vitendo lenye mtihani wake.

Hasara ya kutolifundisha inaonekana kwa macho. Katika shule moja ya msingi isiyo mbali na hapa Bunju nimewahi kuona kabatini bodi sita ndogo za kielektroniki ndani ya sanduku lililoandikwa kwa kalamu ya wino: MBOVU. Tulipozijaribu kwa waya mwingine, tano ziliitika. Watu waliokuwa wametoa fedha kununua vifaa hivyo walikwisha kuambiwa kwamba vimeharibika, na watoto waliokusudiwa kuvitumia walikwisha kuhitimu Darasa la Saba bila kuvigusa. Tofauti kati ya kifaa kibovu na kifaa kisichoonekana haikuwahi kufundishwa kwa aliyeandika lile neno, na kwa hiyo simlaumu.

Nitatumia mfano huohuo wa bodi. Siku hizi ziko bodi za bei nafuu ambazo huunganishwa na kipimajoto kidogo, zikapeleka vipimo vya joto kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Mojawapo ni Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005. Nyingine ni micro:bit, ambayo mwaka 2016 watoto wa shule nchini Uingereza waligawiwa bure. Mwalimu wa Sayansi anaweza kuwapima wanafunzi wake joto la kivulini chini ya mwembe na joto la juani, au akamwambia mtoto akifumbate kipimajoto kiganjani na wenziwe watazame namba zikipanda kwenye kioo. Ni somo zuri. Namba hizo huonekana katika programu iitwayo terminali, yaani dirisha tupu ambamo herufi zitokazo kwenye bodi huandikwa moja baada ya moja, na zile zinazopigwa kwenye kibodi hupelekwa kwenye bodi.

Jina la terminali ni la zamani. Hapo kale terminali ilikuwa mashine nzima, yenye kibodi na karatasi au kioo, iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine. Habari zilipita katika waya huo kwa mfululizo, alama moja nyuma ya nyingine, kama watoto waingiapo darasani kwa mstari mmoja. Kanuni ya muunganisho wa namna hiyo, iitwayo RS-232, iliwekwa Marekani mwaka 1960. USB ilikuja mwaka 1996, na polepole matundu ya zamani yakatoweka kwenye kompyuta za kawaida. Lakini bodi ndogo bado zinapenda kusema ile lugha ya mfululizo, kwa sababu ni nyepesi. Ndipo ikawekwa chipu katikati iwe mkalimani: upande mmoja husema USB na kompyuta, upande mwingine husema mfululizo na bodi, na huiomba kompyuta iihesabu kuwa ni poti ya kale. Matatizo mengi ninayoyazungumzia yamo katika ukalimani huu, na mwanachuo akishajua kwamba yupo mkalimani katikati, nusu ya hofu yake humtoka.

Sasa tutazame kompyuta inavyotambua kwamba amekuja mgeni. Ndani ya waya kamili wa USB wa kawaida mna nyaya nne. Mbili ni za umeme wa volti 5, na mbili ni za habari. Bodi inapochomekwa, rezista yake ya omu 1,500 huinua volti ya waya mmoja wa habari, nayo kompyuta huona kwamba waya uliokuwa chini umepanda. Hiyo ndiyo hodi. Kompyuta huitikia na kuuliza, kama tuulizavyo sisi watu wa pwani, nani mwenzangu? Mgeni hujitaja kwa namba mbili: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Chipu ya CH340, ambayo imo katika bodi nyingi za bei ndogo, hujitaja kwa namba 1A86 na 7523. Kama hodi haikupigwa, au mgeni hakuweza kujitaja, yote yatakayofuata ni bure.

Hapa ndipo waya unapotudanganya. Nyaya nyingi zinazouzwa kwenye meza za kituo cha daladala ni za kuchajia simu tu. Ndani yake mna nyaya mbili za umeme, basi. Ukiiunganisha bodi kwa waya wa namna hiyo, taa yake itawaka vizuri kabisa, na kompyuta haitaona kitu. Mwanachuo akiona taa inawaka husema kwamba umeme unafika, kwa hiyo waya ni mzima. Sentensi hiyo ina madai mawili yaliyofungwa pamoja, na kazi ya mkufunzi ni kuyafungua. Kwamba umeme unafika ni kweli, taa imeshuhudia. Kwamba waya ni mzima, hakuna aliyeshuhudia. Jaribio lake halina gharama: chukua waya huohuo, unganisha simu, jaribu kuhamisha picha moja kwenda kwenye kompyuta. Hakikisha kwanza kwamba simu hiyo na kompyuta hiyo huhamishiana picha kwa waya mwingine. Picha ikikataa kwa waya huu na kukubali kwa ule, tumepata jibu bila kubahatisha.

Katika chuo ninachofundisha nimeanza kuwapa wanachuo nyaya tano, mmoja wao ukiwa wa kuchajia tu, na kuwakataza wasibadilishe chochote kabla ya kuandika walichokiona. Mwanzoni hawapendi. Mkono wa mtu hutangulia akili yake. Anapoona kimya hutaka kuchomoa na kuchomeka tena, kuzima na kuwasha, kubadilisha waya na tundu na programu kwa mara moja. Yamkini mambo yakakubali. Lakini akiulizwa ni lipi kati ya yale manne lililoponya, hajui, na kesho yake atayarudia yote manne. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kufundisha Sayansi, hata awe hodari wa kukariri hatua za jaribio.

Utaratibu wa kutazama kabla na baada ni rahisi. Katika Windows hufunguliwa orodha ya vifaa iitwayo Device Manager, mwanachuo huitazama vema, huchomeka bodi, kisha husema ni mstari upi ulioongezeka. Katika Linux huandikwa amri ya lsusb mara mbili, kabla ya kuchomeka na baada yake, na orodha mbili hulinganishwa. Mstari ukiongezeka, hata kama una alama ya manjano ya onyo, hodi imesikika: mara nyingi waya ni mzima, na bodi angalau ina uhai wa kujitaja. Neno mbovu lisiandikwe.

Alama ya manjano maana yake mara nyingi ni kwamba mgeni amejitaja lakini mwenyeji hajui lugha yake. Programu inayojua lugha hiyo huitwa draiva. Baadhi ya bodi hufuata kanuni ya jumla ya USB, na Windows tangu toleo la 10 la mwaka 2015 huzipokea bila kuongezewa kitu. Nyingine, kama hizo zenye CH340, huhitaji draiva yao. Linux huwa nayo tayari ndani yake. Windows mara nyingi huifuata yenyewe kwenye intaneti, na hapo ndipo kompyuta ya shule isiyo na intaneti hubaki nyuma. Mwalimu atakayekwenda shule ya namna hiyo aibebe draiva kwenye flashi, kama abebavyo chaki.

Kuna kisa kimoja cha draiva ambacho napenda kuwasimulia wanachuo. Kampuni ya FTDI ya Glasgow hutengeneza chipu za ukalimani zenye sifa njema, na kwa sababu ya sifa hiyo wako walioziiga na kuziuza kwa jina lake. Mwezi Oktoba 2014 draiva mpya ya kampuni hiyo ilisambazwa kwa njia ya marekebisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya kuiga, iliibadilisha namba ya kifaa ikawa sifuri. Kuanzia hapo kompyuta haikuitambua tena, na hata ikihamishiwa kompyuta nyingine ilijitaja kwa sifuri ileile, kwa kuwa namba hiyo huhifadhiwa ndani ya chipu yenyewe. Malalamiko yalikuwa makubwa, na draiva hiyo ikaondolewa. Watumiaji wengi walioathirika hawakujua kama walinunua chipu ya kuiga. Waliona tu kwamba kifaa kilichofanya kazi jana hakifanyi leo, bila waya kukatika wala kitu kuungua. Siwasimulii hili ili wamchukie mtu. Nawaambia kwa sababu linaonyesha kwamba kifaa kinaweza kupoteza jina lake tu, huku mwili wake ukiwa mzima.

Tuseme sasa bodi imeonekana na kupata draiva. Bado terminali inaweza kukataa, na sababu zake ni za aina nyingine kabisa. Kwanza ni jina la poti. Windows huipa poti jina kama COM3 au COM7. Linux huiita ttyUSB0 au ttyACM0. Bodi isiyo na namba yake ya pekee ikihamishwa tundu, Windows huweza kuipa jina jipya, na terminali iliyoandikiwa COM3 jana itaendelea kuitafuta COM3 leo. Pili ni kwamba poti haishikwi na wawili. Mwanachuo akiacha wazi dirisha la Arduino la kuonyesha namba, kisha akafungua PuTTY kwenye poti ileile, Windows itamkatalia ruhusa. Si kifaa wala draiva. Ni yeye mwenyewe aliyekishika kwa mkono wa kushoto anapokitafuta kwa mkono wa kulia. Katika Linux mtumiaji huweza kukataliwa pia kwa kuwa hajaandikishwa katika kundi la watumiaji linaloruhusiwa kugusa poti hizo, ambalo katika Ubuntu huitwa dialout.

Nitapita haraka juu ya vitabu, ingawa vinasumbua. Viko vingi maktabani vinavyoelekeza msomaji afungue HyperTerminal, programu ambayo Windows iliacha kuja nayo tangu toleo la Vista la mwaka 2007. Mwanachuo huitafuta nusu saa nzima, kisha hudhani kompyuta yake ina kasoro.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kasi. Bodi na terminali hazina saa moja ya kugongewa; kila upande una saa yake, na lazima zikubaliane mapema. Kipimo cha kasi hiyo kinachukua jina la Mfaransa Émile Baudot, mhandisi wa simu za maandishi aliyefariki mwaka 1903. Kasi iliyozoeleka ni 9600. Kila herufi huenda kwa alama 8, ikatanguliwa na alama 1 ya kufungua na kufuatwa na 1 ya kufunga, jumla 10. Kwa hiyo kasi ya 9600 hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Kasi nyingine inayotumika sana, nayo ndiyo ya micro:bit, ni 115200, ambayo ni mara 12 ya ile ya kwanza. Hesabu hizi ni za Darasa la Tano, na zina maana kuliko zile za mabomba yanayojaza tangi.

Sasa mwachie mwanachuo bodi inayosema kwa 9600, na terminali inayosikiliza kwa 115200. Hatapata kimya. Atapata takataka: alama za ajabu, miraba, herufi zisizo za lugha yoyote. Wengi huvunjika moyo hapo na kusema hali imezidi kuwa mbaya. Kumbe imekuwa njema! Takataka ni ushahidi kwamba waya upo, jina lipo, draiva ipo, poti imefunguka na kuna kitu kinachosema upande wa pili. Limebaki jambo moja tu. Mwalimu aliyezoea kusoma kosa namna hii atamtazama kwa jicho jingine mtoto aandikaye 13 badala ya 31, maana kosa hilo nalo huonyesha ni mambo mangapi mtoto amekwisha kuyajua.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya mafundi, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi anahitaji kujua kufundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwenye darasa la watoto themanini. Lakini vifaa havitungoji. Nchi hii, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ilikuwa na Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi kufikia mwaka 2007; na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Vifaa vikija na ujuzi wa kuvihoji usije, mwisho wake ni kabatini. Isitoshe, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 aliiweka akili ya udadisi miongoni mwa mambo ambayo shule lazima iyakuze, na sioni jinsi mtu anayeogopa kifaa kimya atakavyoikuza kwa mwingine.

Kuhusu kishikwambi, neno moja la tahadhari. Kinapochajiwa huwa mgeni; kikitakiwa kuisoma bodi lazima kigeuke mwenyeji, na kwa hiyo huhitaji kiunganishi kiitwacho OTG. Android imeruhusu jambo hilo tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, lakini programu ya terminali hapo hulazimika kuja na draiva yake ndani, na kuomba ruhusa ya mtumiaji. Programu moja ikiikataa bodi, nyingine huweza kuikubali. Wanachuo wajaribu angalau mbili kabla ya kukata shauri.

Nimeweka mwisho kisa ambacho, kwa maoni yangu, kila mwalimu mtarajiwa angepaswa kukutana nacho. Ubuntu 22.04 ilipotoka mwezi Aprili 2022, watu wengi waliona bodi zao za CH340 zikitokea kwenye orodha na kutoweka papo hapo. Sababu yake ilikuwa programu iitwayo brltty. Kazi yake ni kuendesha vifaa vinavyomwezesha asiyeona kusoma kioo cha kompyuta kwa nukta nundu. Kwa kuwa kifaa kimoja cha namna hiyo hutumia chipu yenye namba zilezile, 1A86 na 7523, brltty ilidhani kila bodi ni kifaa chake, ikaishika. Ushauri uliosambaa ulikuwa mfupi: ifute brltty. Kwa fundi aliye peke yake na kompyuta yake, ushauri huo unafaa.

Kwa mwalimu haufai kabla hajauliza swali moja. Tuna shule za msingi ambamo watoto wasioona husoma pamoja na wenzao, kama Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam, na wanachuo wetu watapangiwa shule za namna hiyo. Nimewauliza wanachuo wangu wangefanya nini, na wengi hujibu upesi kwamba wangefuta, kwa sababu bodi itafanya kazi. Ni kweli itafanya. Lakini kifaa cha kusomea cha mwanafunzi mwingine kitanyamaza, tena pengine wiki nyingine, mwalimu akiwa hayupo, na atakayekichomeka hatakuwa na njia ya kujua nani alikinyamazisha. Mwalimu aulize kwanza ni nani wanaoitumia kompyuta hiyo. Kama hakuna asiyeona anayeitegemea, azuie ile kanuni moja inayozitaja namba za CH340, na aandike alichofanya katika daftari la maabara. Kama yupo, brltty ibaki ilivyo, na bodi itafutiwe kompyuta nyingine. Au itumike micro:bit, ambayo hujitaja kwa namba zake yenyewe na haigombanii mlango na mtu.